Acheni Kukimbilia Watoto wa Mbwa

Ukitaka mbwa wa kulinda nyumba hapa Mpanda, ushauri ni ule ule: tafuta mtoto, umlee mwenyewe, akuzoee. Samaki mkunje angali mbichi, watakwambia. Eti mbwa mzee hazoei mtu mpya wala hafundishiki, na wapo wanaoapa kwamba uzee ndio unaoleta kichaa. Ndiyo maana mtumishi akipata barua ya uhamisho, kitanda na friji vinapakiwa kwenye Fuso, mbwa anabaki. Pita Makanyagio au Nsemulwa utamwona amelala mbele ya geti ambalo sasa lina mpangaji mwingine, mdomo umeota mvi, masikio yameliwa na kupe, anainua kichwa kila bodaboda inapopunguza mwendo. Watu wanamruka pale alipolala, wanakwenda kutafuta kitoto cha wiki tano.

Tuanze na hicho kichaa. Ni ugonjwa wa virusi, unapita kwenye mate ya mnyama mgonjwa, mara nyingi kwa kung'atwa, na hauulizi umri. Kitoto kilichong'atwa huko kilikozaliwa kinaweza kuuleta nyumbani kwako, na wanaokibeba kutwa nzima ni wanao. Shirika la Afya Duniani linasema asilimia 40 ya wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa ni watoto wa chini ya miaka 15.

Shirika hilo hilo linataka angalau asilimia 70 ya mbwa wachanjwe ili maambukizi yakatike, na dunia imejiwekea lengo kwamba ifikapo 2030 asife mtu kwa kichaa cha mbwa. Kinachotuangusha ni kwamba mbwa wetu wanakufa mapema, na wanaozaliwa baada ya kampeni hukaa bila chanjo hadi kampeni nyingine. Kwa hiyo mzee aliyechanjwa akifa njaa getini, nafasi yake ikachukuliwa na kitoto ambacho hakijaona sindano, kinga ya mtaa mzima imepungua. Wanaopendekeza mbwa wa mitaani wapigwe risasi wana kosa lile lile, maana risasi haibagui aliyechanjwa.

Hilo la kutozoea ni uvivu wetu tu. Mbwa mzima humfuata anayemlisha. Wiki ya kwanza mfunge kamba ndefu, mpe chakula wewe mwenyewe saa ile ile, ugali wa pumba na vichwa vya dagaa, uulainishe kwa mchuzi kama meno yamekwisha. Watoto wasimsogelee anapokula. Muulize jirani kama cheti cha chanjo kipo. Hakipo, nenda kwa afisa mifugo wa kata achanjwe upya, na dawa ya minyoo apewe hapo hapo. Kazi ya ulinzi anaijua tayari. Kitoto utakilisha miezi mingi kabla hakijajua nani wa kubwekewa, kama ugonjwa wa parvo haukukiua kwanza.

Usa River, Arusha, wapo Mbwa wa Africa wanaookota mbwa waliotupwa na kuwatafutia nyumba. Nairobi wapo KSPCA. Huku Katavi sijakiona kituo cha namna hiyo, kwa hiyo kituo chetu ni geti la jirani aliyehama.

Mtaniambia mzee atakufa upesi. Kweli, pengine miaka miwili au mitatu, na mwishoni atakuwa haoni vizuri. Lakini mji huu umejaa walimu, manesi na askari wanaoishi kwa kusubiri barua. Mbwa mdogo akitunzwa anaweza kuishi miaka 10 na zaidi. Wewe uliyeripoti juzi, unayekitafuta kitoto leo, hiyo miaka 10 utaimalizia Mpanda? Na barua ikija, una nafasi ya mbwa kwenye hilo Fuso?