Dawa ya sonona si Panadol: usianze kivyako, usiache kivyako

Mnamo Januari 9, 2025, Mahakama Kuu jijini Nairobi iliamua kuwa Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kinakiuka Katiba. Hicho ndicho kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Kabla ya hapo, kijana aliyenusurika angeweza kutoka wodini akaingia selo.

Ni hatua kubwa. Sasa unaweza kumwambia daktari ukweli bila kuogopa pingu. Lakini ukishapewa tembe, hakuna jaji wa kukusimamia ukizimeza. Na hapo ndipo wengi wetu tunaharibu.

Unajua hadithi zenyewe. Msee anameza siku kumi, haskii tofauti, anaacha. Mwingine anaskia poa baada ya miezi miwili, anaacha pia. Wa tatu doo imeisha, anameza leo, anaruka kesho.

Dawa kama fluoxetine na sertraline hazifanyi kazi kama Panadol. Nafuu huchukua wiki 2 hadi 6, na mara nyingi kichefuchefu au kukosa usingizi hutangulia. Hata ukishapata nafuu, madaktari hushauri uendelee kwa angalau miezi 6, la sivyo ugonjwa unaweza kurudi.

Ukiacha ghafla, unaweza kupata kizunguzungu, hasira za bure na hisia kama shoti ya stima kichwani. Hiyo haimaanishi umekuwa mraibu. Dozi hupunguzwa polepole, na daktari ndiye anayepanga jinsi ya kuipunguza.

Kama hujafika miaka 25, skiza vizuri. Tangu 2007, onyo rasmi la dawa hizi nchini Marekani linataja vijana wa hadi miaka 24: wiki za kwanza, mawazo ya kujiua yanaweza kuongezeka. Usiikimbie dawa kwa sababu hiyo. Mwambie mtu mmoja unayeishi naye akuangalie, na mawazo yakizidi rudi hospitali siku hiyo hiyo.

Usichanganye na tramadol wala pombe. Ukinunua dawa nyingine yoyote kwa kemisti, hata ya maumivu, taja unayotumia. Na usimgawie beshte tembe zako, hata kama dalili zenu zinafanana.

Yule wa tatu, aliyeishiwa na doo, simlaumu. Fluoxetine iko kwenye orodha ya kitaifa ya dawa muhimu, lakini orodha haimezwi. Serikali ihakikishe inapatikana kwenye zahanati za mitaani. Kwa sasa, rudi kliniki kabla tembe hazijaisha na useme wazi huna pesa. Uliza kama kuna ya bei nafuu, isiyo na jina kubwa la kampuni.

Ukilemewa usiku wa leo, usingoje kliniki ifunguliwe. Piga 1199, laini ya bure ya Msalaba Mwekundu.