Kumfungulia Mzee Mwisho Si Kumlinda

Imani moja iliyoota mizizi wakati wa korona haijang'oka hadi leo: kwamba masharti ya dharura yanapoanza kulegezwa, mzee awe wa mwisho kufunguliwa mlango. Pale Olympic, Ayany na Makina, mitaa ya Kibera, Nairobi, neno hilo husemwa kwa upole na kwa heshima. Mama abaki ndani kwanza, haraka ya nini? Hakuna anayelisema kwa ubaya, na ndiyo maana ni vigumu kulipinga. Lakini limejengwa juu ya mambo mawili yasiyo ya kweli: kwamba kuchelewa hakumgharimu mzee chochote, na kwamba hatari iko kule anakokwenda wala si pale anapolala. Tusipoyakosoa sasa hali ikiwa shwari, tutayarudia siku maradhi mengine yatakapobisha hodi.

Turudi kwenye siku yenyewe. Tarehe 6 Julai 2020 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza hatua za kulegeza masharti. Kizuizi cha kuingia na kutoka Nairobi, kilichodumu tangu Aprili, kiliondolewa kuanzia alfajiri iliyofuata. Safari za ndege za ndani zikaruhusiwa kuanzia tarehe 15 Julai, za kimataifa kuanzia tarehe 1 Agosti. Nyumba za ibada nazo zikafunguliwa, waumini wasizidi 100 na ibada isipite saa moja. Ila hotuba ile ile iliwaambia waliozidi miaka 58 wasifike ibadani, pamoja na watoto wasiotimiza miaka 13 na wenye maradhi ya kudumu. Maana yake ni kwamba kijana wa miaka 25 aliweza kupanda basi hadi Kisumu na kurudi, akapita katikati ya msongamano wa soko la Toi, kisha usiku akalala chumba kimoja na nyanya yake. Nyanya huyo, akiwa na miaka 60, hakuruhusiwa kuketi saa moja kanisani au msikitini akiwa amevaa barakoa, na jirani yake ameketi mbali naye. Nani hapo aliyelindwa, na dhidi ya nani?

Anayeijua Kibera anajua jibu. Gatwekera, Kianda au Soweto, familia nyingi huishi katika chumba cha futi kumi kwa kumi. Choo ni cha watu wengi, maji hununuliwa kwa mtungi, na kati ya kitanda cha mzee na kile cha wajukuu huwa kuna pazia tu. Wanaomtunza ndio wanaotoka alfajiri: walinzi, mama fua, vibarua wa viwandani, wachuuzi. Hao hawakuwa na kazi ya kufanyia nyumbani. Virusi havikuhitaji mzee atoke, kwa sababu vililetwa na waliokuwa wakimtafutia unga. Na hili halikuwa dhana tu. Watafiti wa taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, KEMRI, na wenzao waliopima damu ya wachangiaji kati ya Aprili na Juni 2020 walikadiria kwamba karibu watu 7 katika kila 100 Nairobi walikuwa wameshaambukizwa, ilhali hesabu rasmi ya nchi nzima ilikuwa haijafika 7,000 mwisho wa Juni. Novemba mwaka huo uchunguzi wa kaya za Nairobi ukaonyesha kwamba zaidi ya theluthi ya waliopimwa walikuwa na alama za maambukizi kwenye damu. Ugonjwa ulikuwa ukitembea nyumba hadi nyumba wakati sheria inalinda mlango wa kanisa.

Wapo watakaosema mjadala huu wa kuwafungia wazee ni wa Wazungu, kwamba sisi hatupeleki wazazi kwenye nyumba za wazee. Nyumba hizo zipo hapa hapa Nairobi, Kasarani na Mji wa Huruma, ingawa ni chache. Lakini hata zisingekuwapo, mzee asiyeweza kujipikia, anayetunzwa miaka na miaka katika chumba kimoja, yuko katika hali ile ile ya kutegemea wengine. Tofauti ni kwamba hana muuguzi wala msimamizi. Kwa hiyo yaliyotokea kwenye nyumba za wenzetu yanatuhusu. Katika jimbo la Ontario, Kanada, wageni walizuiwa katikati ya Machi 2020, na bado vifo vilifuatana. Kufikia mwisho wa Mei, karibu vifo 8 katika kila 10 vya korona nchini humo vilikuwa vya wakazi wa nyumba za matunzo. Watafiti walipolinganisha nyumba za Ontario waligundua kwamba zile zilizojazana, wakazi hadi wanne wakitumia chumba kimoja, zilikuwa na kiwango cha maambukizi mara mbili ya zile zenye nafasi. Wanajeshi waliotumwa kusaidia waliripoti wakazi walioachwa katika uchafu. Jamaa ambao huko nyuma walikuja kuwalisha na kuwaangalia hawakuwapo kuyaona.

Uholanzi ilijaribu njia nyingine. Ilizifunga nyumba zake tarehe 20 Machi 2020, lakini tarehe 11 Mei ikazifungua 26 kwa majaribio, kila mkazi akiruhusiwa mgeni mmoja kwa masharti maalumu, huku watafiti wakifuatilia. Katika kipindi hicho hakuna maambukizi mapya yaliyoripotiwa. Kipindi kilikuwa kifupi na nyumba zilikuwa chache, sitaki kulikuza jambo. Ninachokiona cha maana ni kwamba walianza kulegeza kwa walioumia zaidi na upweke, wakapima, wakaandika.

Pingamizi zito ni la vifo. Takwimu za China za Februari 2020 zilionyesha kwamba kati ya wagonjwa waliothibitishwa wenye miaka 80 na zaidi, karibu 15 katika kila 100 walifariki. Silipuuzi hilo hata kidogo. Lakini linadai ulinzi uwekwe mahali hatari ilipo: barakoa kwa anayetoka, dirisha wazi, chanjo kwa mzee na kwa anayemtunza. Halituambii kwamba kufungiwa hakuna madhara. Mwenye sukari na presha akikosa kliniki huumia, na miguu isiyotembea hunyong'onyea. Ibada nayo, kwa mzee wa mtaani, ndiyo mahali ambapo kutoonekana kwake huwafanya wenzake waje kumjulia hali, mara nyingi na kifurushi cha unga mkononi. Na jambo linaloniudhi kuliko yote ni hili: serikali ilimhesabu mtu kuwa mzee akipita miaka 58 ilipotaka kumzuia, lakini Inua Jamii, mpango wake wa shilingi 2,000 kwa mwezi, ulifunguliwa kwa wazee wote kuanzia miaka 70. Waliokuwa katikati walipewa kizuizi bila msaada.

Katiba haikubaliani na mtindo huo. Kifungu cha 57 kinampa mzee haki ya kushiriki kikamilifu katika mambo ya jamii, cha 27 kinakataza ubaguzi kwa misingi ya umri, na cha 24 kinataka kila haki inapobanwa iulizwe kama hakuna njia nyepesi zaidi. Njia nyepesi zilikuwapo: ibada ya uwanjani, saa maalumu za wazee, mtu mmoja anayejulikana wa kuwatembelea.

Wakiambiwa wachague, watakosea, watasema wengine. Huenda. Mtu mzima aliyelea watoto na wajukuu ana haki ya kupima hatari yake mwenyewe akishaelezwa ukweli. Tangu Septemba 2023 Kenya ina wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000, wanaozunguka nyumba kwa nyumba na vifaa vyao. Hao ndio wapewe kazi ya kuorodhesha wazee wasiotoka, kumtambua mtunzaji wa kila mmoja ili asihesabiwe kamwe kuwa mgeni, na kumuuliza mzee anachotaka kurudishiwa kwanza. Na kila sharti litakalotajwa kwa umri liandikwe pamoja na tarehe ya kuangaliwa upya na jina la ofisi itakayoliangalia. Likikosa vyote viwili, kaunti isilitekeleze.