Diski Ipi Ifutwe?

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilifunga huduma yake ya kawaida kwa Windows 10, na kompyuta nyingi zilizo nzima haziwezi kupokea Windows 11. Ndiyo sababu kijana mwenye kompyuta kama hiyo huiendea Linux, ambayo Linus Torvalds wa Finland aliianzisha mwaka 1991, nayo hupatikana bure. Si vibaya. Lakini kompyuta yenye diski mbili au tatu yataka subira, kwani diski moja hufutwa ipate kupokea mfumo mpya, na ile ya jirani yake huenda imebeba picha za arusi, sauti ya marehemu babu na hesabu za duka. Basi kijana na awaulize kwanza wazazi wake kilichomo, kisha vile visivyonunulika avitolee nakala nje ya kompyuta hiyo.

Linux huziita diski sda, sdb, sdc, na zile za aina mpya nvme0n1. Herufi hizo si majina ya kudumu. Hutolewa kila kompyuta inapowashwa, kwa jinsi diski zilivyotambuliwa. Iliyokuwa sda jana yaweza kuwa sdb leo. Amri hii huonyesha ukubwa, modeli na namba ya kila diski:

lsblk -o NAME,SIZE,MODEL,SERIAL

Diski mbili zilizo pacha hupambanuliwa kwa namba tu, nayo kwa kawaida imeandikwa juu ya diski yenyewe.

Liko jambo jengine, nalo huwashangaza hata wazoefu. Kompyuta za siku hizi huamshwa kwa programu ndogo ikaayo katika sehemu ya diski iitwayo EFI. Baadhi ya programu za kuwekea Linux huiandika katika EFI ya diski ya kwanza, ingawa mwenyewe amechagua ya pili. Mambo huenda sawa mpaka siku diski ile ya kwanza itakapoharibika au kung'olewa. Hapo Linux, ingawa nzima, haiamki.

Wako waonao kuwa ni utoto kufungua kasha la kompyuta kwa ajili ya haya. Sisi twaona ndiyo njia iliyo salama: zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, kisha chomoa diski zote isipokuwa ile itakayopokea Linux. Diski isiyounganishwa haifutiki. Kazi ikiisha, zirudishe, na katika faili ya fstab zitaje kwa UUID zao, wala si kwa sda na sdb.