Sumu Ina Mwenyewe

Nitasema mapema ili wauzaji wasipoteze muda kunisoma hadi mwisho: ule unga wa zeolaiti mnaoleta huku Kimulot, ati unatoa metali nzito mwilini, hamjawahi kutuonyesha kipimo kimoja cha damu kinachothibitisha maneno yenu.

Msimu wao naujua. Bonasi ya majani chai ikikaribia, mwezi wa kumi, nao hao. Chupa ni 3,500. Mkulima mdogo hulipwa shilingi ishirini na kitu kwa kilo kabla ya bonasi, kwa hivyo chupa moja ni kama kilo 150 za majani yaliyochumwa kwa mkono. Nimeona mama anayetumia dawa za presha akinunua mbili, na hakuna aliyemuuliza anameza nini kingine.

Tuanze na jiwe lenyewe. Zeolaiti hutokea majivu ya volkeno yanapokutana na maji kwa muda mrefu sana. Ndani yake kuna vyumba vidogo kama sega la nyuki, na vyumba hivyo hushika chembe za metali fulani na kuachilia nyingine. Huo si uongo. Zeolaiti huchuja maji, huchanganywa kwenye chakula cha mifugo, na baada ya ajali ya Chernobyl mwaka 1986 ilitumika kunasa sesiamu yenye mionzi. Muuzaji anachukua ukweli huo na kuruka nao: kama inasafisha maji, basi itasafisha damu.

Lakini damu si ndoo ya maji. Unga ukiumeza unapita tumboni, unapita utumbo, unaishia choo. Risasi iliyokuingia miaka iliyopita haiko tumboni ikingoja. Sehemu kubwa imejificha kwenye mifupa, na huko inaweza kukaa miongo. Na yule anayeuza matone ati yanaingia hadi kwenye damu, hebu atujibu: zeolaiti imejengwa kwa aluminiamu, silikoni na oksijeni. Hiyo aluminiamu nayo inaenda wapi?

Kuna jambo lingine hawaligusi. Kitu kinachosifiwa kwa kushika metali kimekaa ardhini miaka mingi kikishika. Zeolaiti ya kuchimbwa inaweza kuja na risasi na arseniki yake yenyewe. Tena zeolaiti si moja. Erionaiti ni ndugu yao, na vumbi lake limeua watu wa vijiji vya Cappadocia, Uturuki, kwa saratani ya utando wa mapafu. Sisemi chupa yako ina erionaiti. Nasema neno “asilia” halituambii ni zeolaiti gani, imetoka wapi, na nani ameipima.

Ukiwabana sana, wana jibu la kila hali. Ukipata nafuu, dawa imefanya kazi. Ukiumwa kichwa na kuhara, “sumu inatoka.” Usiposikia chochote, ongeza chupa. Dawa isiyoweza kushindwa kwa matokeo yoyote haijajaribiwa.

Najua mtaniuliza: wewe uliyeacha chuo, unajua nini? Karo ilikwisha kabla ya digrii, sawa. Kusoma lebo hakuhitaji joho. Na Sheria ya Vyakula, Dawa na Kemikali, Sura ya 254, haikuandikwa kwa wenye digrii peke yao: ni kosa kuuza chakula au dawa kwa maelezo ya kudanganya.

Msinielewe vibaya. Metali nzito si hadithi. Zebaki imo katika krimu za kuchubua ngozi na kwenye mashimo ya dhahabu kule Migori. Na mnakumbuka Juni 2018, serikali ilipotangaza kwamba sukari ya magendo ina zebaki, kisha mawaziri wakapingana wao kwa wao huku sisi tukiangalia vikombe vyetu. Hofu ile haikujibiwa vizuri, na penye hofu isiyojibiwa mchuuzi hakosi.

Kwa hivyo tutazame Wakenya waliokula sumu kweli. Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilimwaga risasi katikati ya makazi hadi kilipofungwa 2014. Watoto walipimwa damu. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, akapambana. Mwaka 2020 mahakama ya Mombasa ikaamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, Mahakama ya Rufaa ikatengua, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikarudisha ushindi wao. Walidai vitu viwili ambavyo chupa haiwezi kuwapa: chanzo kisafishwe, na aliyesababisha awajibike.

Ndivyo hata tiba inavyoanza. Shirika la Afya Duniani linasema kwanza mtenge mtu na chanzo cha risasi. Dawa za kuitoa zipo, zinatolewa hospitalini kwa kipimo cha damu, na si za kuchezea. Mwaka 2005 huko Pennsylvania, Marekani, mtoto wa miaka 5 alikufa akidungwa dawa ya aina hiyo ati kutibu usonji. Mwaka 2010 mamlaka ya dawa ya huko, FDA, ikaandikia kampuni nane barua za onyo kwa kuuza madukani vitu vya “kutoa metali.”

Hiyo ndiyo hasira yangu. Huyu muuzaji anakula pesa za majani chai, na juu ya hapo anageuza kosa la mtu mwingine kuwa uchafu wako wewe, wa kujisafisha kimyakimya nyumbani kwa gharama yako. Kama unaamini kuna sumu kwenye maji yenu, kwenye dawa ya kupulizia shambani, kwenye krimu ya binti yako, dai ipimwe. Dai kwa chifu, kwa afisa wa afya, kwa MCA aliyekuja kuomba kura. Sumu ina mwenyewe. Atafutwe.