Breki za mbele na fedha za bati



Ndugu wasomaji, wiki hii tunazungumzia breki. Huenda mtu akasema kwamba breki ni habari ya gereji, na kwamba kurasa za familia zina mengine ya kushughulikia. Lakini gari linalobeba watoto wa madrasa, kinamama waendao kuhani misiba na majeneza ya maiti wetu ni mali ya familia zote za msikiti, na sisi tuliokubali kulitunza tumebeba amana.

Gari lenyewe ni Land Rover 109 ya zamani, katika toleo la tatu lililoanza kutoka kiwandani mwaka 1971. Kama wenzake wa zama hizo, lina breki za dramu katika magurudumu yote manne. Nasi hapa Kamsamba tuko chini, katika Bonde la Ziwa Rukwa. Aendaye Mlowo hupanda milima, na arudipo huishuka. Katika kushuka huko, tukitoka mazikoni mchana wa jua kali, dereva wetu alikanyaga pedali ikazama hadi karibu na sakafu. Akapunguza gia, akaliegemeza gari kwenye ukingo wa mlima, likasimama. Alhamdulillah, hakuumia mtu. Lakini tuliokaa nyuma tulikuwa tumekwisha kutamka shahada kwa sauti, na kijana mmoja wa madrasa hadi leo hataki kulipanda.

Fundi alitueleza sababu. Ndani ya dramu mna viatu viwili, breki shuu kama wanavyoviita, vinavyotanuka na kusugua ukuta wake. Msuguano huzaa joto, na joto lililofungiwa humo halina njia ya kutoka upesi. Dramu ikipata moto hupanuka na kuvikimbia viatu, na viatu vyenyewe hupoteza mshiko. Ukivuka kijito, maji huingia yakakawia kukauka. Diski iko wazi kwa upepo, pedi huibana kwa pande zote mbili, na ikivimba kwa joto huzisogelea pedi. Tena magurudumu ya mbele ndiyo yanayobeba kazi kubwa, kwa kuwa gari likifunga breki uzito wake huinamia mbele.

Wala si jambo la kubahatisha. Jaguar ilishinda mbio za Le Mans mwaka 1953 kwa breki za diski, na Land Rover 110 ilipotoka mwaka 1983 ilikuwa nazo mbele. Kwa hiyo vifaa vya mdogo mtu vinaweza kumfaa kaka yake.

Mzee mmoja wa kamati alipinga. Alisema amepanda magari ya dramu tangu ujana wake, na kwamba dramu zikirekebishwa vizuri, na dereva akashuka kwa gia nzito, zinatosha. Tunakiri kwamba ana hoja. Tulipokagua tulikuta dramu hazijarekebishwa kwa muda mrefu, na daftari la matengenezo lilikuwa tupu. Kosa hilo ni letu, si la kiwanda. Hata hivyo, mteremko hautapungua urefu kwa ajili yetu, na abiria hawakupewa nafasi ya kuchagua.

Jambo tulilolikataa kabisa ni kazi nusu. Gereji moja ilitaka kufunga diski na kuacha masta silinda ileile. Masta silinda ya dramu mara nyingi huwa na vali inayobakiza shinikizo kidogo katika mabomba. Kwenye diski, shinikizo hilo huzifanya pedi zisiachie, zikapata moto muda wote. Vilevile viatu vya dramu husaidiwa na mzunguko wa gurudumu lenyewe kujikaza, ilhali pedi hazipati msaada huo. Hivyo gari letu, ambalo halina busta, lingehitaji mguu wa pehlivani. Na rimu lazima zijaribiwe kwanza, kwani nyingine hugusa kalipa.

Imebaki fedha. Fungu lililopo ni la bati la msikiti, na wapo waliopendekeza tulikope, kwa hoja kwamba uhai unatangulia paa. Uhai unatangulia kweli. Lakini waliochanga walitaja bati, na mtoaji akishataja sharti, katibu hana ruhusa ya kulibadili kwa kalamu yake, hata kwa nia njema. Leo tutahamishia kwenye breki, kesho kwenye ziara, na keshokutwa hakuna atakayetia sarafu sandukuni.

Basi gari limeegeshwa, na jeneza linabebwa mabegani au kwa trekta la jirani, Allah amlipe. Sanduku la breki limewekwa kulia mwa mlango, mbali na lile la bati, na kila moja lina daftari lake. Anayetaka kuyaona madaftari hayo atukute baada ya swala ya Isha.