Mbolezi Isiyotungiwa Matanga

Aghalabu mwanafunzi wa fasihi huanza uhakiki wake kwenye anwani. Akishaisoma, huamini kwamba maudhui yote yamo humo, na kilichobaki ni kutafuta ushahidi. Kuna kazi moja ya muziki kutoka Polandi inayoyatia mazoea haya shaka.

Mwaka 1960 Krzysztof Penderecki, kijana aliyezaliwa mwaka 1933, alitunga muziki wa ala 52 za nyuzi: fidla 24, viola 10, selo 10 na besi 8. Fidla ni zile zile tuzijuazo katika taarabu, ila hapa hazibembelezi hata kidogo. Wapigaji huanza kwa sauti ya juu kabisa ambayo kila ala yaweza kuitoa. Kisha wapo wanaosugua upinde nyuma ya kile kidaraja kinachoinua nyuzi, na wapo wanaogonga ubao wa ala kwa vidole. Pengine ala nyingi hushikilia kwa pamoja sauti zilizokaribiana mno, hata sikio lishindwe kuzibagua. Sehemu kubwa ya kazi hii haihesabiwi kwa mapigo bali kwa sekunde. Si ajabu basi kwamba jina lake la awali lilikuwa muda mtupu: dakika 8 na sekunde 37.

Baadaye, akiisha kuisikia ikipigwa, mtunzi aliguswa na uzito wa hisia zake, akaiita mbolezi na kuitabaruku kwa wahanga wa Hiroshima, mji ulioangushiwa bomu la atomiki tarehe 6 Agosti 1945. Tangu hapo wasikilizaji husimulia jinsi wasikiavyo ndege ikija na watu wakilia.

Je, tumelaghaiwa? Wapo wanaodai kwamba mtunzi amewakopa wafu ili kazi yake ipate heshima. Shutuma hiyo ni nzito, nami siipuuzi, kwani marehemu hawana kauli. Hata hivyo, katika fasihi simulizi tumefunzwa kuutazama muktadha wa utendaji. Wimbo uliotungwa kwa jambo jingine ukiimbwa matangani, wafiwa wakaupokea, nani atawaambia kwamba wamekosea utanzu? Kwa maoni yangu, jina la pili ni halali.

Uhalali huo una mpaka, lakini. Anayeandika kwamba Penderecki alikusudia kuigiza mlio wa ndege amekosea, hata kama mtahini atampa alama. Akiandika kwamba yeye msikilizaji ameisikia ndege, hapo ana haki, mradi aoneshe ni sauti zipi zilizomfikisha huko.

Laiti ningepewa kipindi kimoja, ningewapigia wenzangu kazi hii bila kuitaja anwani, waandike walichosikia, ndipo niwatajie majina yote mawili. Mimi mwenyewe nimekwisha kuchelewa: niliijua kwanza kwa jina la Hiroshima, na kila nikijaribu kusikia dakika 8 na sekunde 37 tu, nashindwa.