Barua ya Wazi kwa Bodi ya Mikopo: Tunaofundisha Nje Tuwekeeni Njia ya Kulipa

Kwa Mkurugenzi Mtendaji,
Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu,
Tanzania.

YAH: MAREJESHO YA MIKOPO KWA WALIMU WALIO NJE YA NCHI

Ndugu Mkurugenzi Mtendaji,

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya sekondari hapa Kigali, na ni mnufaika wa mkopo wa Bodi yako. Ada yangu ya chuo, bumu la chakula na malazi, hata fedha ya mafunzo kwa vitendo, vyote vilitoka huko. Nyumbani hapakuwa na mtu wa kunisomesha. Deni nalitambua na nalilipa. Ninachokuandikia ni namna ya kulilipa, kwa sababu makato yetu yamejengwa juu ya mwajiri, na mwajiri wangu hayuko Tanzania.

Mwalimu aliyeajiriwa Kahama au Mbinga hahangaiki na marejesho. Mwajiri anakata asilimia 15 ya mshahara kila mwezi na kuipeleka kwenye Bodi. Yeye anaona tu deni likipungua. Mwajiri wangu anakata kodi ya mapato na mchango wa pensheni wa Rwanda, kinachobaki anakiingiza benki. Sheria yetu haivuki daraja la Rusumo pale mpakani, wala simlaumu kwa hilo.

Tuchukue mwalimu anayelipwa faranga 400,000 kwa mwezi. Asilimia 15 yake ni faranga 60,000. Lakini fedha hiyo haitoki kwenye 400,000, inatoka kwenye kile kilichobaki baada ya kodi na pensheni, na kabla hajamlipa mwenye nyumba. Kisha faranga zigeuzwe shilingi, kwa bei ya siku hiyo, na kila anayezishika njiani achukue chake.

Wengi wetu tunalipa kupitia ndugu. Mimi namtumia mdogo wangu aliye Ngara fedha, pamoja na kontroli namba kwa WhatsApp. Anakwenda kwa wakala, analipa, anaipiga picha risiti na kunirudishia. Risiti hizo nimezihifadhi zote, kwa sababu ndizo ushahidi wangu. Siku mdogo wangu akiugua, au akiwa shambani, malipo yanasubiri. Deni la mtu mzima mwenye ajira halipaswi kutegemea kama kuna mtu wa kumtuma dukani.

Halafu kuna suala la likizo. Walimu wengi wa shule binafsi huku wana mikataba ya mwaka mmoja wa masomo, na wapo ambao Julai na Agosti hawalipwi kabisa. Mwalimu huyo anaweza kulipa vizuri miezi kumi, kisha akanyamaza miwili. Ukiangalia tarehe tu, utamwona amesimamisha marejesho. Ukiangalia mkataba wake, utaona hana mshahara. Hiyo ni tofauti kubwa, na hakuna anayeweza kuiona kama hajaambiwa.

Nasema haya nikijua jinsi neno “mdaiwa sugu” linavyouma. Wapo kweli waliokimbia deni, na hao sina la kuwatetea. Lakini nawafahamu pia walimu walioacha kulipa kwa woga tu: walikaa kimya mwaka wa kwanza wakitafuta maisha, na sasa wanaogopa kujitokeza wasije wakadaiwa kila kitu kwa mkupuo. Huko nyumbani Tanzania aliyebaki na wasiwasi ni mdhamini, mara nyingi baba au mjomba aliyeweka saini kwenye fomu ili kijana asome.

Serikali imeshaonyesha kwamba masharti ya deni hili yanaweza kurekebishwa. Mei Mosi ya 2021, pale Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kufutwa kwa tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, na mwaka huohuo ikaondolewa ile ya asilimia 10 kwa waliochelewa kurejesha. Kwa sisi tulio nje ilikuwa nafuu kubwa mno, maana deni lililokuwa likikua kila mwaka lilianza kupungua kweli. Nashukuru kwa dhati.

Na serikali hiyohiyo inataka tuwe huku. Rwanda ilikifanya Kiswahili lugha rasmi mwaka 2017. SADC ikafuata 2019, Umoja wa Afrika 2022. Kila tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani, tunahimizwa kukibidhaisha Kiswahili, na Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA) linaandikisha wataalamu kwa ajili hiyo. Mwalimu anayeitikia mwito huo asijikute ameingia kwenye orodha ya watoro kwa kuwa tu mshahara wake ni wa faranga, randi au riali.

Ombi langu ni kwamba mwalimu aliye nje awe na mpango wake wa marejesho, ulioandikwa na kutiwa saini na pande zote mbili. Awasilishe mkataba wake wa kazi, kiwango kipangwe kwa kile anachopokea mkononi, na miezi asiyolipwa ijulikane mapema. Fedha zake zipokelewe moja kwa moja kutoka benki ya nchi aliko, kwa bei ya kubadilisha fedha ya siku ya malipo. Balozi zetu ziwe mahali pa kujiandikisha, na aliyenyamaza kwa woga apewe muda wa kujitokeza na kupangiwa upya bila kutishwa. Ikiwezekana kuanza na jambo moja tu, naomba liwe hili la mwisho, kwa sababu kila anayerudi kulipa ni fedha ya kumsomesha kijana mwingine asiye na mtu wa kumsomesha.

Mikataba yetu mingi hapa Rwanda huanza Septemba. Tupatieni utaratibu huo kabla ya hapo, ili kila mmoja aupange pamoja na mshahara wake mpya.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa Kiswahili,
Kigali, Rwanda.